Supu ya Vikavu, Siku Fisi Alipokula Beberu

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka kana kwamba moshi wake haujanitoka machoni. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa shule, nimerudi likizo nyumbani upande wa Bariadi. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba mgeni akija nilijifanya nimetumwa kisimani. Hata leo naandika vizuri kuliko ninavyosema, ndiyo maana nakuandikia.

Mwaka ule baba alikuwa amejikata mguu kwa shoka, kusimama hawezi. Mama alikuwa kijiji cha Shishiyu akimuuguza dada yake. Magugu yakaimeza pamba yetu mpaka mistari haionekani. Na pamba ile ndiyo ilikuwa chumvi yetu, nguo zetu na nafasi yangu shuleni. Baba akafanya kama wafanyavyo Wasukuma wakizidiwa: akawaita vijana wa kijiji waje kupalilia pamoja, kwa ngoma na nyimbo, akaahidi kuwachinjia beberu. Kwetu watu hao huwalipi, unawalisha. Ukiwalisha vibaya watakutungia wimbo, na wajukuu wako watakuja kuusikia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo fisi akavunja zizi. Kulipopambazuka tukakuta kamba na pembe moja.

“Tusiwaambie,” nikamwambia bibi yangu, mama yake baba. “Waache walime kwanza. Mchana watakuwa na njaa, watakula chochote.”

Bibi alikuwa ameinamia mitungi yake ya akiba, anatia mkono huku na huku. Hakuinua kichwa.

“Mtu akilima kwa ahadi ya nyama, halafu ukampa choroko, umemwibia jasho lake. Nenda ukawaambie sasa, kabla hawajainua jembe.”

“Mimi?”

“Baba yako hasimami, nami napika. Au upike wewe, nikaseme mimi, tuone nani atakula?”

Ni kweli, kupika nilikuwa sijui. Shule ilinifunza mengi, chungu hakikuwamo.

“Na utaje kila kitakachoingia chunguni,” akanifuata kwa sauti. “Usipunguze, usiongeze. Mficha uchi hazai.”

Nikawakuta ukingoni mwa shamba, majembe mabegani. Nikapiga goti, nikawaamkia, “Mwangaluka,” macho yangu chini. Kiongozi wao, tuliyemwita nsumba ntale, alikuwa mtu mrefu asiye na haraka.

“Binti wa shule ananisalimia mimi au jembe langu?” akauliza. Wenzake wakacheka.

Nikasema yote kwa pumzi moja, nisije nikakimbia. “Beberu ameliwa na fisi. Kuna supu ya choroko, na dagaa wa Kalemela, na karanga, na michembe, na nsansa. Ugali wa mtama upo. Nyama hakuna.”

Vyote vilikuwa vikavu, mwanangu. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa.

“Nsansa ni chakula cha njaa,” kijana mmoja akasema. “Jembe langu halilimi kwa dagaa.”

“Jembe lako halijalima hata kwa ng'ombe,” mwenzake akamjibu.

Watatu walibeba majembe yao wakaondoka, sitakudanganya. Kulikuwa na shamba jingine ng'ambo ya mto lililokuwa likiwangoja. Waliobaki wakamtazama nsumba ntale, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Akiondoka yeye, pamba imekwisha, na shule imekwisha.

“Mwaka jana,” akasema taratibu, “tulimaliza shamba la mtu aliyetuahidi ndama. Jua la utosi ndipo akatuambia ndama amepotea. Huyu ametuambia asubuhi, mikono yetu ingali safi.” Akaligeukia shamba. “Mwambie bibi yako atie pilipili.”

Nikarudi mbio. Bibi alikuwa ameshateleka chungu kikubwa. Choroko zilitangulia na kipande kidogo cha magadi, kisha michembe ili ivunjikevunjike na kuufanya mchuzi mzito. Nsansa alizifikicha mikononi baada ya hapo. Dagaa aliwakaanga bila mafuta kwenye kigae mpaka wakatoa harufu, ndipo akawatia. Karanga nilitwanga mimi, zikaingia mwisho, na pilipili kama tulivyoagizwa.

“Kila kikavu kina saa yake ya kulainika,” aliniambia. “Ukivitia pamoja, kimoja kitakuwa uji na kingine changarawe.”

Mchana walikaa wakala kimya. Ukimya wa watu wanaokula, mwanangu, ni wimbo pia. Yule aliyesema jembe lake halilimi kwa dagaa alisukuma bakuli lake mbele mara ya pili, huku akitazama pembeni, na mwenzake akamwambia, “Taratibu, usije ukala na chungu.” Jioni pamba ilikuwa imesimama peke yake, haina gugu. Nsumba ntale akapita mlangoni kumjulia hali baba, akamwambia bibi, “Wabeja, mayu.” Asante, mama. Baba aligeuza uso ukutani, tusimwone akilia.

Bibi niliyemdhania mkali, leo namshukuru kila nikiosha choroko. Nawashukuru na wale vijana, ambao wengi wao hata majina siyajui.

Sasa nakusihi, mwanangu. Akiba haiozi. Weka kikavu chako mtungini, na wewe mwenye friji, gandisha maharage ya Jumapili na mchicha wa sokoni, uwe na pa kushika siku zizi litakapovunjwa. Supu nzito haihitaji utajiri. Inahitaji subira, na kujua nini kitangulie. Lakini juu ya yote, unapokuwa na kidogo, kiseme mapema. Mtu hakasirishwi na choroko. Hukasirishwa na nyama aliyoahidiwa. Na kama una aibu kama mimi, sema hivyo hivyo na aibu yako, macho chini, sauti ikitetemeka. Utasikika.

Mungu akupe majirani wenye majembe, na moto usiozimika chini ya chungu chako. Wabeja, mwanangu.