Ng'ombe Aliyetundikwa kwa Springi

Nilipopata kazi kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam inayoingiza vifaa vya kunyanyulia vitu vizito, mama alinipigia simu kutoka Ifakara kuuliza nauza nini hasa. Nikamsomea kipeperushi kama kilivyo: "Teknolojia inayoshinda mvutano wa dunia. Uzito sasa basi!" Bosi wangu anapenda maneno makubwa.

"Yaani kitu kinaelea?" mama akauliza.

"Kinaelea kidogo, mama."

Hilo neno "kidogo" nadhani hakulisikia. Yeye ni kiongozi wa jumuiya yao ya kanisa pale Viwanja Sitini, na habari ikimfikia yeye imefika mtaa mzima.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni kitu cha chuma kama sufuria iliyofunikwa, ndani yake kuna springi nene iliyojikunja, na chini unatoka waya wenye ndoano. Unakitundika kwenye boriti, unafunga mzigo kwenye ndoano, kisha unakaza springi kwa spana mpaka nguvu yake ilingane na uzito wa mzigo. Hapo mzigo unabaki hewani pale unapouacha. Ukiusukuma kwa kidole unapanda, ukiuvuta kwa kidole unashuka. Wateja wetu ni watengeneza mashine, watu wanaoshinda wamekumbatia vyuma huku mwenzao akitafuta tundu la boliti.

Watu wa aina hiyo Ifakara wapo. Bonde lote linalima mpunga, na mpunga unataka mashine za kupura na za kukoboa. Karibu na kwetu kuna karakana inayoziunda, na mwenyewe ni mzee wa Kipogoro, mtu wa mwili na mwingi wa maneno, aliyenifahamu tangu napelekwa kubatizwa. Nilimpigia, akasema njoo Jumamosi tuone hayo maajabu yako.

Jumamosi nikafika na vifaa viwili vikubwa, nikakuta uwanja wa karakana umejaa watu. Jumuiya nzima ilikuwa pale, kanga zimekazwa, wengine wamekuja na viti vyao. Bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba alikuwa ameletwa kwa guta la magurudumu matatu. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono.

"Marahaba, mwanangu. Hicho chombo chako kitaniondolea uzito nitembee mwenyewe mpaka kanisani?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mabati ya jirani.

"Hapana, bibi. Hiki ni cha vyuma."

"Haya," akasema, akakaa vizuri. "Basi nitazame hivyo vyuma. Nimekwisha kuja."

Tukatundika kifaa kimoja kwenye boriti ya banda, tukafunga kichwa cha mashine ya kukoboa, chuma ambacho vijana wawili walikileta wakiguna. Nikakaza springi taratibu. Kabla sijamkaribisha mwenye karakana, mama akajipenyeza mbele. "Hebu mimi," akasema, akaweka kidole kimoja chini ya kile chuma. Kikapanda mpaka kifuani kwake. Akaondoa kidole, chuma kikabaki palepale. Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi.

Mwenye karakana alipiga makofi pia, kisha akanivuta pembeni.

"Kizuri, binti yangu, sikatai. Ila vijana wangu wananyanyua, na wakila ugali wao wananyanyua tena. Sioni cha kunifanya ninunue springi."

Nilimweleza habari ya migongo, ya vidole vinavyobanwa, ya muda unaopotea. Akaitikia kila neno kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri huku mawazo yake yapo shambani. Nikajua nimeshindwa. Watu wakaanza kubeba viti vyao.

Hapo ndipo mama mmoja Msukuma, mrefu, aliyekuwa amekaa muda wote juu ya mashine yake ya kupura akisubiri ichomelewe, akanijia.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," nikajibu. Shuleni nilisoma na watoto wa Kisukuma, salamu hiyo ninayo, na najua mayu ni mama.

"Hiki kinainua chenye uhai?"

Akanieleza. Ng'ombe wake alizaa, ndama mzima, lakini mama mtu hakuinuka tena. Kila asubuhi wanaume wa boma walimwinua kwa mikono, wakichoka wakimwachia, anaanguka. Daktari wa mifugo alisema miguu haijafa. Akipata kusimamishwa muda mrefu kila siku, atarudi. Asipopata, wamchinje.

Mimi nilifundishwa vichwa vya mashine, siyo ng'ombe. Nikafungua mdomo kusema haiwezekani, lakini mwenye karakana alikuwa amekwisha chukua chaki na kuchora sakafuni.

"Fremu ya mabomba, miguu minne," alijisemea. "Springi moja mbele, moja nyuma. Mikanda mipana chini ya tumbo, isimkate." Akainua kichwa. "Ana uzito gani?"

"Ni ng'ombe," yule mama Msukuma akajibu. "Nimpime kwa mizani gani?"

Walichomelea mchana kutwa. Mikanda waliishona kwa turubai la lori bovu. Mzee alifanya kazi huku analalamika kwa raha zote: "Hao hao ng'ombe wamekula mpunga wa shemeji yangu mwaka jana, na leo nawaundia machela!" Yule mama akacheka, akasema wake hawavuki mfereji. Mzee akamwambia kila mwenye ng'ombe husema hivyo hivyo.

Kesho yake baada ya misa tukapakia kila kitu kwenye pikapu ya mzee, tukashika barabara ya Mlimba, tukapita kijiji cha Mbingu, tukakunja kuelekea mbugani. Mama yangu alikaa mbele. Hakuna aliyemwalika.

Ng'ombe alikuwa amelala kwenye kivuli cha banda la nyasi, mwekundu, mbavu nje, ndama kamlalia ubavuni. Tukasimamisha fremu juu yake, tukapitisha mikanda, nikaanza kukaza. Nilikaza kama ninavyokaza kwa chuma, mpaka mzigo uelee. Akaelea. Kwato nne zikaning'inia, akazunguka nusu duara, akatoa mlio uliowafanya kuku wote wakimbie. Mume wa yule mama, aliyekuwa ametulia akivuta tumbaku, naye akakimbia. Mimi nilitamani nitoroke naye.

"Legeza!" mzee akapiga kelele. "Usimbebe! Msaidie tu!"

Nikalegeza kidogo kidogo, springi ya mbele, kisha ya nyuma, mpaka kwato zikagusa ardhi na miguu ikaanza kutetemeka. Nikaacha pale. Akasimama, nusu kwa springi na nusu kwa nguvu zake, akapumua kwa nguvu. Yule mama akamsogezea majani mdomoni. Akayanusa, akala. Ndama akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye chuchu.

Tuliviacha vifaa pale, nikamfundisha yule mama kulegeza kidogo kila asubuhi. Wiki haikuisha akapiga simu. Nilisikia kengele ya ng'ombe kabla ya sauti yake. "Umesikia?" akaniuliza. "Anatembea."

Mzee akaanza kupokea wafugaji kutoka mpaka kule Mlimba, wakitaka fremu ya namna ile, na kila fremu ilihitaji springi zangu. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni siku niliyorudi kuchukua vile viwili vya maonyesho. Yule mama alikwisha virudisha karakana, nikavikuta vimetundikwa kwenye boriti, kimoja juu ya meza ya kutobolea, kingine mahali pa kufungia vichwa vya mashine. Vijana walikuwa wanapiga kazi huku wanaimba. Mmoja, mwenye mabega kama mlango, akasimama mbele yangu kabla sijagusa spana.

"Dada, shikamoo yako tunakupa, chai tunakupa," akasema. "Ila hivi haviondoki hapa."

Mzee alikuwa anasikia. Alijifanya anatafuta miwani.

"Andika na hivyo kwenye oda yangu," akasema mwishoni. "Watanigomea hawa."