Sabuni ya Shemeji Yangu

Mimi ndiye niliyelianzisha neno lile. Watu wa kwetu, karibu na Tunduma, mpaka leo wanasema lilitoka kwa mlevi mmoja aliyekwishakufa. Uongo! Lilitoka kinywani mwangu, siku ya Jumapili, nje ya kanisa, nikiwa nimevaa suruali yangu nyeupe iliyopigwa pasi.

Shemeji nitamwita Eliya, ingawa silo jina lake. Tulisoma pamoja darasa la biashara katika shule ya serikali: kupiga taipu, kuweka hesabu, kuandika barua za Kiingereza. Nyakati zile waliopata masomo hayo walikuwa wachache mno. Sote tukaajiriwa ukarani bomani Mbeya, naye akamwoa mdogo wangu, Rebeka. Mama alitembea kijijini kichwa juu!

Kisha Vita Kuu ya Pili ikaja, sabuni ikapotea madukani. Siku moja Eliya akaniambia, "Shemeji, naacha kazi. Kwetu mafuta ya ng'ombe yanatupwa, na watu wanafulia majivu. Nitapika sabuni. Njoo tushirikiane."

"Uache kazi ya serikali? Una wazimu?"

"Tumefundishwa biashara, shemeji. Hapa tunahesabu mali ya wengine tu."

Nilikataa. Nilikipenda kiti changu, nilipenda kuitwa bwana karani. Lakini alipoondoka sikupata raha. Mtu mwenye akili anaachaje kazi kama ile? Lazima kuna kitu. Nani kamtuma?

Nilipokuja likizo kijijini nikamkuta amejenga banda nyuma ya nyumba, mlango una kufuli. Moshi unatoka, na harufu ya kutapisha. "Fungua nione," nikasema.

Akacheka. "Hapana, shemeji! Ukirudi Mbeya utawaambia wenye maduka. Ngoja kwanza nisimame."

Alikuwa anatania. Mimi kufuli lile likaniingia moyoni. Nikaanza kumchunguza. Mbona mafuta mengine anayatoa ng'ambo ya mpaka, Rodesia, kwa watu nisiowajua? Mbona mzungu mmoja wa idara ya kilimo alisimamisha gari kwake, wakaongea Kiingereza na kucheka? Hata sabuni yenyewe niliigeuzageuza mkononi. Mbona ina wekundu?

Nikamwuliza Rebeka. "Kaka, anachanganya mawese tu. Una nini wewe?"

Loo! Nikaona hata mdogo wangu ananificha.

Miaka ile habari za mumiani zilijaa mpakani. Wabemba wa ng'ambo waliwaita banyama. Ilisemwa kwamba wanatumwa na wazungu kukamata watu na kuwanyonya damu. Jumapili hiyo tulipotoka kanisani, mzee mmoja akanisogelea. "Bwana karani, wewe umesoma naye. Hivi mtu anaachaje mshahara wa serikali aje kuchemsha mafuta?"

Wengine wakasogea wanisikilize. Nikasema, "Mtu haachi serikali hivihivi. Ukiona ameacha, ametumwa."

Basi. Neno mumiani sikulitaja. Sikuwa na haja!

Wiki haikuisha, binti wa jirani akapotea. Kufika mchana uani kwa Eliya pamejaa watu wenye marungu. Wakavunja kufuli. Eliya akapiga kelele, "Ni mafuta ya ng'ombe! Nuseni! Ni ng'ombe!" Kisha akaniona. "Shemeji, waambie! Wewe watakusikia!"

Jamani, nilinyamaza!

Mnataka ukweli? Nusu ya moyo wangu iliamini kabisa. Nusu nyingine ilifurahi, kwa sababu sasa ilionekana sikuwa mjinga kubaki na ukarani wangu. Hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi.

Wakapindua sufuria. Sabuni inayochemka ikammwagikia miguuni. Yowe lile, Mungu wangu! Rebeka alimkimbilia akipita mbele yangu kama vile sipo.

Ndugu zake wa ng'ambo wakaja kumchukua kwa machela, wakavuka naye mpaka, Rebeka akifuata na mtoto mgongoni. Baada ya siku chache yule binti akarudi kutoka Msangano, mzima, amenenepa. Shangazi yake alikuwa amemchukua bila kuaga! Hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Hata mimi.

Mama aliugua akimwita Rebeka. Nilituma watu, hawakurudi na jibu. Tukamzika.

Mwaka jana nikajikaza, nikavuka. Eliya anachechemea, lakini sabuni yake inanunuliwa na kila mtu huko. Alinikumbatia! Anadhani siku ile niliogopa tu. Alipotoka kuhudumia wateja, nikamfuata Rebeka jikoni nikamweleza neno nililolisema nje ya kanisa.

Hakuacha kusonga ugali. "Nililijua kabla hatujavuka," akasema. "Nimemficha mume wangu miaka yote hii, maana kila akikutaja anakutaja kwa wema. Kula, kaka, kisha uende. Usirudi tena."

Nilikula. Sijui hata nilikula nini.

Ninyi mnaosoma haya, nawasihi. Ukimwona kijana aliyesoma ameiacha meza ya ofisi akaenda kuhangaika na kitu chake mwenyewe, na moyo ukaanza kukuuliza katumwa na nani, usiupeleke moyo huo barazani. Nenda kwake ukamwulize. Asipotaka kukujibu, rudi nyumbani ukae na kutojua kwako. Mimi sikuweza kukaa nako, na leo nina pensheni inayonisubiri, na sina ndugu.