Kiti Changu cha Mbele

Gari likipita hapa Mabawa na huo muziki wao wa kutikisa, vikombe vyangu hulia kabatini. Wajukuu hunitazama wakidhani nitagomba. Sigombi. Naweka kiganja ukutani mpaka lipite, kisha narudi kwenye mchele wangu. Wameniuliza sababu mara nyingi. Basi nawaambia hapa, mara moja, yaishe.

Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu. Tulikuwa tukikaa Chumbageni, na yeye akipakia machungwa kutoka Muheza na nazi za vijiji vya njia ya Pangani, akileta sokoni Tanga. Mbele mlikuwa na benchi moja: yeye kulia, mimi kushoto. Kila mwezi ukiandama alinipeleka Tongoni kwa mama yangu. Navaa buibui langu, napanda, nafunga mlango mwenyewe. Mke wa mjini siku zile hakuzurura. Nilikuwa na jiko, na kisima, na kile kiti.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu mume wangu akaingiwa na wazimu wa muziki. Jumba moja la sinema lilikuwa limetupa spika kuukuu, pana kama sinia la pilau, na amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, yenye taa za glasi zinazowaka ndani na kupata moto kama jiko. Akaviokota vyote, pamoja na maikrofoni na mashine ya kupigia santuri. Alitaka apige santuri harusini, gari likiwa limesimama uani, na alitaka vikae mbele, mvua isivifikie. Fundi seremala akamtengenezea sanduku la mbao la kutia spika, refu hadi kifuani kwangu. Nyuma ya benchi palikuwa na tangi la petroli, kwa hiyo sanduku halikuwa na pa kwenda. Akakata benchi nusu. Nusu yangu.

"Na mimi nitakaa wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma. Nitakutandikia mkeka."

"Nyuma pamoja na nazi?"

"Nazi hazina neno, Bibie. Hazisengenyi mtu."

"Mimi si gunia. Siku ukinipakia nyuma, nifunge na kamba kabisa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Wanawake wa ua wetu ndio waliofurahi. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuja kulitazama lile sanduku, akaligonga kwa kidole, akasema, "Shoga, mke mwenzio huyu. Keshakaa kitini kwako, na sauti anayo kukushinda."

Miezi mitatu ikaandama na mimi niko nyumbani. Basi lilikuwapo, lakini mume wangu hakupenda nipande peke yangu, na mimi, nisiseme uongo, nilitaka kiti changu, si cha basi. Mama alikuwa amebaki peke yake. Masikio yake yalikuwa yameziba tangu miaka mitano nyuma, na harusi alikuwa ameacha kwenda, kwa sababu, alisema, anaona midomo inafunguka tu kama ya samaki. Mimi nilijua kumsemesha kwa mikono. Mwingine hakujua.

Mwezi wa tatu akamtuma mwanamke muuza dagaa. "Mama yako anakusalimu. Anasema sufi ya kujazia mito imepasuka mtini, kila mwaka mnachambua pamoja, na mwaka huu anachambua peke yake. Anauliza ni nani aliyekuudhi."

"Mwambie hakuna aliyeniudhi. Mwambie kiti hakipo."

Nilijibu hivyo. Mama anayetoa mbegu za sufi peke yake, nami nampelekea habari za kiti.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Kesho yake akalishusha sanduku, akarudi nalo kwa seremala. Wakalikata, wakalilaza, mdomo wa spika ukatazama miguuni na juu pakawa ubao wa kukalia. Amplifaya akaifunga wima katikati, baina ya dereva na abiria. Lakini spika ikilia, mbao zilitetemeka kama meno ya mtu mwenye homa. Wakashindilia makumbi ya nazi ndani, haikusaidia. Jioni akaja jikoni.

"Nipe mto mmoja."

"Mito ya mama? Ya harusi yangu?"

"Sufi ndiyo inayonyamazisha ubao. Usipotoa, utakalia kelele."

Nikaufumua mto kwa mkono wangu. Lilipokwisha kujazwa nikapanda, nikakaa, akaweka santuri. Sauti nzito ikanipanda kutoka chini, ikapita uti wa mgongo mpaka kisogoni. Nilitaka kucheka kwa sauti.

"Linafaa," nikasema, nikashuka.

Tukaenda Tongoni. Mume wangu alisimama mbali kama ilivyo heshima ya mkwe, akainamisha macho, akaamkia kwa mkono kifuani. Mama akamwitikia huku kajifunika kanga uso. Mkwe na mama mkwe kwetu hawakai mkeka mmoja, wala hawali pamoja, wala hawatazamani. Nikamkumbatia mama. Alikuwa amepungua. Magunia mawili ya sufi yalisimama ukumbini, yamekwisha kuchambuliwa.

Nje watoto wa kijiji wakaomba santuri, mume wangu akawapigia. Mama akatoka kizingitini, akatazama.

"Mbona watoto wanacheza na ngoma hakuna?" akaniuliza.

Nikamshika mkono. Nikamkalisha kwenye lile sanduku, mlango wa gari ukiwa wazi. Akashtuka, akadaka mlango kwa mikono miwili. Akatulia. Macho yake yakaenda juu, kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kisha kiganja chake kikaanza kupiga gotini. Kilipiga sawasawa, bila kukosea hata pigo moja.

"Huyu anapiga vizuri," akasema. "Namsikia makalioni, lakini namsikia."

Kijiji kizima kilicheka, na yeye akacheka nao bila kujua wanachocheka.

Jua likaanza kushuka. Nazi zilikuwa zimekwisha kupakiwa. Nikamwashiria mama ashuke, tunaondoka.

"Twendeni," akasema. "Na mimi nimo."

Nikamwonyesha kiti cha dereva: mkweo atakaa hapo. Akaitazama amplifaya iliyosimama katikati.

"Hili si pazia hili?" Akavua kanga yake ya juu, akaitandika juu ya mashine. Haukupita muda moshi ukatoka.

"Mama, inaungua!" Mume wangu alipiga ukelele. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia mama yangu uso kwa uso, na mama hakulisikia. Niliinyakua kanga mwenyewe, imeshatoboka. Mama akajifunika kwa ile iliyotoboka, akageuzia uso dirishani, akatulia kama bibi harusi.

Mume wangu akanitazama. Akazitazama nazi. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Nikakunja buibui, nikapanda nyuma.

Gari likienda, sindano ya santuri huruka na kukwaruza. Kwa hiyo akashika maikrofoni kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, akaimba mwenyewe. Hakuwa na sauti. Vumbi lilinijaa mdomoni, nazi zilinipiga kwenye nyonga, na kupitia kile kioo kidogo cha dirisha la nyuma ya dereva niliona kilemba cha mama kinatikisika, na bega la mume wangu, na mashine imesimama baina yao na taa zake nyekundu. Naye mama akaanza kuimba. Hakuimba wimbo ule ule, lakini pigo lilikuwa lile lile.

Tulipofika Chumbageni nikashuka mweupe kwa vumbi. Jirani yangu alikuwa mlangoni. "Shoga! Mke mwenzio kakutupa nyuma?"

"Kanitupa," nikasema. Nikaenda kumshika mama mkono ashuke.

Mama alikaa nasi mpaka alipofariki. Mume wangu akamfuata baada ya miaka mingi. Pikapu iliuzwa, sijui sanduku nalo lilikwenda wapi, na sufi yangu ndani. Watoto walininunulia kiti kizuri, nakikalia. Lakini ningepewa kuchagua pa kukaa, singetaka hiki, wala kile cha mbele nilichokigombea miezi mitatu. Ningepanda kule nyuma kwenye nazi, nikae mbele ya kile kioo.