Kisiki cha Mpakani

Kule Tetu, mpaka kati ya shamba letu na la baba mdogo ulikuwa mti mmoja wa muwati. Hati ya ardhi ilikuwa moja na babu aliwagawia wanawe kwa mdomo tu, kwa hiyo hatukuwa na alama nyingine. Nilipoitwa sekondari, baba aliubambua mti ule na kuwauzia watengenezaji wa ngozi magome, nikapata sare na godoro. Mti ukakauka, akaukata kuni, kikabaki kisiki. Miaka miwili baadaye baba naye akafa.

Mvua ndefu zilileta uyoga. Ulikuwa mgumu, wa rangi ya chai ya maziwa, umepangana kama masikio. Mama aliukwangua kwa panga, akamwaga jivu. Baada ya wiki ulirudi, kwa sababu mwili wake hasa ulikuwa ndani ya mti uliokufa, nyuzi nyeupe zinazokula polepole. Hilo nilifundishwa shuleni. Sikumwambia.

Nilipomaliza shule nikaanza kutangatanga. Mama aliandikisha barua: "Njoo upande maua ya kuonyesha mpaka kabla kisiki hakijaisha. Mwanamke akipanda peke yake watasema ameiba." Barua ilinikuta Nanyuki. Ya pili ilinikuta Meru, ya tatu Kerugoya. Kila mahali nilikuwa na kibarua ambacho kingeisha wiki ijayo.

Nilirudi mwaka wa tatu. Wazee wanne walikuwa wamesimama shambani pamoja na baba mdogo, ambaye mistari yake ya mahindi ilikuwa imesogea upande wetu.

"Msomi amefika," baba mdogo alisema. "Haya, tuonyeshe mti wa baba yako ulikuwa wapi."

Nilitembea huku na huku nikipiga udongo kwa kisigino. Kote kulikuwa kweusi na laini. Niliokota kipande cha mti, kikasagika vidoleni kama ugoro.

"Ni hapa," nikasema. Kisha nikasema, "Au pale."

"Ati au pale?" Mzee mmoja alicheka. "Kijana, huu ni mpaka, si mbuzi aliyepotea."

Baba mdogo hakucheka. "Mimi nilidhani atakumbuka," alisema, na hadi leo naamini alisema kweli.

Wazee wakakadiria. Mpaka mpya ulipita katikati ya viazi vitamu vya mama. Mama hakunilaumu. Alichukua jembe, akaanza kung'oa vilivyobaki ng'ambo.

"Shika kiondo," akaniambia.

Nikashika. Tulivuna hata vile vyembamba kama kidole.