Mama Buti na Mkoba Ulioibwa Bila Kutoka Garini

Saa mbili na robo asubuhi gari jeupe la kukodi linaingia kwenye maegesho yaliyo chini ya maporomoko ya maji. Dereva hajazima injini, na tayari mwanamke mwenye kizibao cha njano ameanza kuliiba.

Analiiba kwa macho. Anapita ubavuni polepole, mikono mgongoni, kama mtu anayesubiri ndugu yake. Anachungulia kiti cha nyuma, anachungulia sakafuni, kisha anagonga kioo cha dereva kwa kidole kimoja.

"Karibuni, baba. Mimi ningeanza na hiyo kompyuta. Halafu koti. Halafu begi la mtoto, maana akina mama wengi wanaficha pesa kwenye nepi."

Mke wa dereva anamgeukia mumewe. "Amejuaje?"

Dereva anashuka haraka, anafungua buti ili aifiche kompyuta. Filimbi inalia mpaka watu waliokuwa wakipanda ngazi wanasimama.

"Funga! Funga buti, baba! Unamwonyesha nani?"

Baba wa watu anafunga, uso umemshuka, utadhani yeye ndiye kakamatwa akiiba. Mwenye filimbi anamsogelea na kumwambia kwa upole kwamba ukificha kitu mbele za watu hujaficha, umetangaza. Arudi mpaka kituo cha mafuta, kilomita moja nyuma, apange mizigo yake huko, ndipo aje aegeshe kama mtu asiye na kitu.

"Wengine wananitukana," anasema gari likigeuza. "Wengine wanakwenda wanarudi. Hao wanaorudi ndio wateja wangu."

Huyo ndiye Mama Buti. Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini hata meneja wa maegesho akitaka kulitumia sharti kwanza alitafute kwenye daftari.

Ana umri wa miaka hamsini na minne, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye lami hii. Siku ya mapumziko analinda magari hadi sitini, mengi ya kukodi, na ya kukodi karibu yote ni meupe. "Ukisimama pale juu getini utasema trei la mayai," anasema.

Posho yake ya siku inatosha unga, mafuta ya kupikia na sabuni, mradi uchague viwili tu. Cha tatu kinaletwa na bakshishi.

Kazi hii hakufundishwa na mlinzi, alifundishwa na mwizi. Alikuwa akiuza nguo za mitumba, na siku moja alikodi pikapu kubeba robota lake la kwanza la jumla, mtaji wa miaka mitatu. Njiani wakasimama wanywe chai. Yeye, mjanja, akachagua meza inayotazamana na gari.

"Sikuondoa macho kwenye ile pikapu hata dakika moja," anasimulia. "Nilitazama bonneti, nikatazama taa, nikatazama na namba. Mwizi naye alikuwa upande wa pili anashusha robota. Nikamaliza chai, nikamshukuru Mungu, nikapanda. Tulifika sokoni mimi na kamba."

Mumewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, anasema tangu siku ile mkewe hajawahi kuacha kitu mahali kinapoonekana. "Nyumbani kwetu sukari haina anwani. Mgeni akija, mimi namwambia chai ya rangi tupu ni nzuri kwa moyo."

Ni tabia hiyo hiyo ya kuficha iliyotaka kumwachisha kazi miezi miwili iliyopita.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Walikuja maharusi, ndoa yao ina siku kumi na moja, bado wanashikana mikono hata kwenye kushuka garini. Bwana harusi aliegesha juu ya mstari. Kisha akaenda kinyumenyume akimpiga picha mkewe, mkono mmoja simu, mkono mwingine remoti. Akabonyeza. Gari likaitika: pii! Akaridhika.

Lililoitika ni jeupe la jirani, ambalo mwenyewe naye alikuwa akilifunga sekunde hiyo hiyo. La maharusi, ambalo remoti haikulifikia, lilibaki wazi, na kwenye kiti cha nyuma umetulia mkoba wa kahawia wenye pasi mbili za kusafiria, tiketi za kurudi na pete ya bibi harusi, aliyoivua kwa kuogopa isije ikaangukia majini.

Mama Buti aliita. Lakini walishakaribia juu, na kwa sauti ya maji ya huko hata filimbi ni kama mluzi wa panya. Ngazi za kupanda ni mia tatu na kumi na mbili, na goti lake la kushoto lilishakataa ngazi mwaka juzi.

"Hapo hapo nikaona wanaume wawili, hawana kamera, hawana haraka. Mtu asiye na kamera wala haraka kwenye maegesho, huyo yuko kazini. Na huku juu barabarani naitwa, basi la wanafunzi limekwama kwenye geti."

Kufungua buti mbele ya wale wawili asingeweza, angevunja sheria yake mwenyewe. Kwa hiyo aliingia mlango wa nyuma kwa kichwa, akalaza mgongo wa kiti, akajipenyeza mpaka ndani ya buti, akainua zulia, akausokomeza mkoba chini ya tairi la spea. Kisha akatoka kinyumenyume, akafunga milango kwa kitufe cha ndani, akaandika karatasi na kuibana chini ya waipa. Akapanda kwenda getini kuliongoza lile basi.

Hakujua kuwa muuza kofia wa pale karibu amemwona. Si yeye mzima, miguu tu, ikirusharusha mateke nje ya mlango wa gari la wageni.

Maharusi waliposhuka, bwana harusi ndiye aliyeona karatasi. Akajua ni faini ya kuegesha juu ya mstari. Na kwa kuwa njia nzima alikuwa akijisifia udereva mbele ya mkewe, aliikunja bila kuisoma na kuizamisha mfukoni.

Bibi harusi akafungua mlango. "Mkoba uko wapi?"

Muuza kofia, mtu wa dini asiyesema uongo, akasema alichokiona. Maharusi hawakusubiri zaidi. Waliwasha gari kwenda kituo cha polisi kushtaki wizi wa mkoba waliokuwa wameubeba.

Mama Buti alishuka kutoka getini akamkuta meneja amekunja mikono.

"Vua kizibao."

"Kwa nini, bosi?"

"Umetoa mkoba kwenye gari la wageni?"

"Sikuutoa. Niliuhamisha. Umo humo humo garini."

Meneja alifikiri kidogo. "Yaani umeingia kwenye gari la watu, ukaiba mkoba wao, ukaurudisha kwenye gari lao?"

"Sikuiba, bosi!"

"Hata kama hukuiba, nitaandika nini kwenye ripoti?"

Alivua kizibao, akatoa na filimbi shingoni. Anasema kizibao hakikumuuma, kilichomuuma ni kuiweka ile filimbi kwenye kiganja cha meneja. Lakini hakwenda nyumbani. Alisimamisha pikipiki, na meneja, ambaye ripoti ilikuwa ikimsumbua, akapanda nyuma yake.

Kituoni bwana harusi alimwona akaruka. "Afande, ndiye huyo! Asiguse gari letu tena!"

"Siligusi, mwanangu," Mama Buti akajibu. "Mikono hii hapa. Nenda wewe mwenyewe, inua spea."

"Gari ni kielelezo," afande akasema. "Halifunguliwi ovyo. Lete ufunguo."

Bwana harusi akatumbukiza mkono mfukoni kwa hasira. Ufunguo ukatoka, na karatasi ikatoka nayo, ikaanguka juu ya meza. Afande, ambaye kazi yake ni kusoma kila kitu, akaikunjua akaisoma kwa sauti:

"Mkoba wenu uko chini ya tairi la spea. Gari lililolia ni la jirani. Tafadhali msirudie. Mlinzi."

Bibi harusi aliichukua ile karatasi, akaisoma tena mwenyewe.

"Hii ilikuwa mfukoni mwako muda wote?" bibi harusi akauliza.

"Nilidhani faini."

"Kwa hiyo ukanificha?"

Mkoba ulipatikana pale pale ulipoandikwa. Bibi harusi alimkumbatia Mama Buti akilia na kucheka. Mumewe hakukumbatiwa na mtu.

Meneja alirudisha filimbi jioni ile ile. Asubuhi yake, hata hivyo, ilikuja barua iliyopigwa chapa: mlinzi haruhusiwi kuingiza kiungo chochote cha mwili ndani ya gari la mgeni, kwa nia yoyote ile. Akirudia, kazi basi.

Tangu hapo Mama Buti analinda kwa mdomo tu, na anakiri kuwa anaishi roho juu. Wiki iliyopita mgeni mwingine aliacha begi kitini na kioo wazi, akapanda ngazi. Mama Buti alikwenda akaliegemea lile dirisha kwa muda wa saa mbili na nusu, juani.

"Barua haikutaja mgongo nje ya gari," anasema. "Lakini najijua. Kuna siku mkono utaingia wenyewe."

Ndiyo maana Jumatatu ijayo ni siku kubwa kwake. Bibi harusi, wakati wa kurudisha gari, aliisimulia habari yote kwenye ofisi ya kukodisha. Mkuu wa ofisi, ambaye mwezi uliotangulia alibadilisha vioo tisa vilivyovunjwa, akapiga simu. Anataka Mama Buti aje azungumze na wateja pale kaunta, kabla hawajakabidhiwa ufunguo. Akiwaridhisha, kuna mshahara wa mwezi na kiti chenye mgongo.

Leo mchana Fundi amemletea chakula, na wanafanya mazoezi. Fundi ni mteja. Ndoo iliyopinduliwa ndiyo kaunta.

"Karibu, baba. Mizigo utaipanga wapi?"

"Kwenye buti."

"Sikuuliza kwenye nini. Wapi?"

"Aa... kabla sijafika."

"Ukibonyeza remoti?"

"Nasikiliza pii."

"Fundi!"

"Navuta kitasa! Navuta kitasa kwa mkono wangu. Mke wangu, mteja akikaripiwa hivi atakodi baiskeli."

Mama Buti anacheka mpaka anafuta macho kwa pindo la kizibao. Anakiri kwamba ana hofu. Hajawahi kufanya kazi ndani ya nyumba, na hajui kama sauti yake inaweza kupungua.

Akiulizwa atafanya nini endapo watamkubali, hataji mshahara wala kiti. Anatazama ngazi.

"Nitakuja hapa kama mgeni. Miaka kumi na mmoja nasikia hayo maji yakinguruma, sijayaona. Kila nikitaka kupanda kuna gari la mtu. Goti litapumzika mara ishirini, lakini nitafika. Mimi na Fundi."

Fundi anaacha kutafuna. "Tutakuja na nini?"

"Tutakodi gari siku moja. Jeupe."

"Na nani atalilinda?"

Mama Buti anayatazama magari yaliyopangana mbele yake, moja moja, kama anayatafutia mtu wa kumwamini, na inaonekana hampati.

"Basi," anasema hatimaye, "tutapanda kwa zamu."