Blanketi Ndani ya Ngoma ya Roki

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh niliambiwa nipakie friji mbili kwenye pikapu. Nilizibeba peke yangu, mgongo ukaniuma wiki nzima. Kumbe hazikuwa friji, zilikuwa amplifaya, yale masanduku ya kukuza sauti ya gitaa la umeme. Mimi nilikuwa dereva wa familia, Mluhya wa Butere, na gitaa nililolijua ni la kanisani.

Mwenye vyombo alikuwa kifungua mimba wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini. Nilimwita Bosi ingawa ningeweza kumzaa, naye akaniita ami. Yeye na wenzake watatu walipiga roki, si ile laini ya redioni, bali ile ya kujitungia, gitaa linakwaruza na mwimbaji ananung'unika ya moyoni mwake. Enzi hizo hapakuwa na ukumbi wa kuwapokea. Walikodi nyumba ya mapumziko nje ya mji, nami nikawapeleka kila siku baada ya alasiri. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuhakikisha jirani hasikii. Akilalamika, wao wangegombezwa na baba zao. Mimi ningepandishwa ndege.

Basi nikajifunza. Nilinunua mablanketi mazito kule sokoni Batha, mengine nikayatundika ukutani, mengine nikayasokomeza ndani ya ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu. Nikajifunza na mikseta, mashine inayopimia kila chombo sauti yake. "Ami, shusha," Bosi angesema, nami nashusha. Adhana ikilia nazima kila kitu, tunangoja swala iishe. Tulienda hivyo miaka sita. Nyimbo walizorekodi mle zikasambaa kwenye simu za vijana hadi Jeddah, na watu wakaipenda ile sauti iliyofifia wakidhani ni ufundi. Ufundi gani? Ulikuwa woga wangu.

Kisha mambo yakafunguka, muziki ukaruhusiwa hadharani. Bendi ikaalikwa Jeddah, jukwaa la wazi, mara yao ya kwanza mbele za watu. Msimamizi wa jukwaa akanikuta nikiunganisha nyaya.

"Wewe si dereva? Kaa na gari. Mitambo ina fundi wake."

"Huyu ndiye fundi wetu," Bosi akasema.

"Basi nimsikie kwenye majaribio. Akishindwa, halas, anampisha mtu wangu."

Niliumia, sitawaficha. Nikajiambia, mimi hapa sitoki. Wakaanza kupiga, na sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka. Msimamizi akatikisa kichwa. Hapo ndipo nikaliona kosa langu: mikseta nilikuwa nimeipanga kama kila siku, na ngoma niliileta Jeddah na mablanketi yake tumboni. Mazoea yana taabu. Pale hapakuwa na jirani, lakini mimi bado nilikuwa namwogopa.

"Bosi, nipe dakika kumi."

"Adhana iko karibu, ami."

"Zinanitosha."

Nikafungua ngozi ya mbele ya ngoma, nikayavuta mablanketi yote, na vumbi la Riyadh likatoka nayo. Nikapandisha sauti kwenye mikseta. Mpiga ngoma akakanyaga mara moja tu, kifua changu kikaitika. Nikapandisha tena, gitaa likaingia, mwimbaji akafungua mdomo kama ambavyo sikuwahi kumwona. Msimamizi akarudi nyuma hatua mbili. Adhana ikaanza, nikazima.

Baada ya swala hakuna aliyeniondoa, na uwanja mzima uliimba nao. Nilifanya kazi ile mpaka nilipostaafu, huku ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ikisema dereva. Sikuomba ibadilishwe, maana udereva nao ni kazi.

Siku hizi niko Butere, na vijana huniuliza nilifanya nini cha maana Uarabuni. Nawajibu hivi: kwa miaka sita niliwafundisha watoto wa watu kunyamaza, na namshukuru Mungu alinipa dakika kumi za kuwafungulia sauti.