Uzito wa Chifu Kwenye Pikapu ya Fuatino

Saa tisa alasiri katika kijiji cha Vailoto, kisiwani Savai'i nchini Samoa, miguu miwili imechomoza chini ya pikapu nyeupe iliyozeeka. Mguu wa kushoto umevaa ndala. Wa kulia uko peku, kwa sababu ndala yake ilikatwa wiki iliyopita ikafanywa bushi, kile kipande cha mpira kinachoshika springi isigonge chuma.

Juu ya miguu hiyo, kwenye kiti cha abiria, ameketi mtu mzima wa miraba minne, usinga begani, kioo kimeshushwa. Ni Chifu Manuleau, msemaji mkuu wa baraza la kijiji. Amelala fofofo.

Gari haliendi popote. Magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe.

Wapita njia wako taabani. Anayepita mbele ya chifu sharti ainame na kuomba radhi. Basi wanainama kwa chifu, wanaomba radhi kwa sauti ya chini, kisha, mgongo ukiwa bado umepinda, wanaigeukia ile miguu kuuliza kulikoni.

"Fuatino, umemfanya nini mzee wa watu?" anauliza jirani yake Sepela, kiganja mdomoni.

"Napima magurudumu," miguu inajibu.

"Na mzee je?"

"Mzee ndiye uzito. Usimwamshe, shoga yangu. Akijigeuza tu, kamba zangu zinahama."

Mwenye miguu hiyo ni Fuatino Leavasa, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, mkulima wa magimbi. Kwa miaka mingi amekuwa akipakia magunia yake kwenye pikapu hii na kuyapeleka soko la Salelologa. Njiani hupakia pia watu, kuku, mikeka ya harusi, na siku moja jeneza, ambalo anasema ndilo abiria pekee ambaye hakumfundisha kuendesha.

Ufundi hakuusomea. Gereji ya kwanza aliyoiendea ilimtajia gharama ya tala mia tisa kwa usukani peke yake. Alilitazama gari, akamtazama fundi, akauliza kama kwa bei hiyo atapewa na gari jingine. Akarudi nyumbani, akaazima jeki na spana.

"Springi ya kwanza niliifungua bila kuifunga mnyororo," anasema, akionyesha pengo la jino la mbele. "Iliruka. Hii ndiyo ada yangu ya shule. Nililipa yote siku hiyo hiyo, sidaiwi."

Mumewe, Aukuso, ni kiongozi wa kwaya ya kanisa. Anajua sauti zote nne za kila wimbo, ila hajui nati hufunguka upande gani. Msaada wake ni masikio. Bushi ikifa, yeye husema gari limeshuka nusu sauti.

"Na mara nyingi anapatia," Fuatino anakiri. "Ila usimwambie. Atataka kushika spana."

Matatizo yaliyomleta chifu kwenye kile kiti yalianza Jumapili moja baada ya ibada. Kwaya nzima ilikuwa nyuma ya pikapu, ikiimba. Manuleau alikuwa mbele, mahali pake pa siku zote. Ghafla gari likavuta kushoto. Fuatino akazungusha usukani kulia, usukani ukazunguka bure kama sahani mezani, gari likaendelea na safari yake lenyewe. Likapita katikati ya maua ya mchungaji, likapanda ngazi ya kaburi la vigae la marehemu mama yake Manuleau, likatulia hapo, pua juu.

Hakuna aliyeumia. Kwaya haikuacha hata kuimba, kwa sababu Aukuso alikuwa bado hajashusha mkono.

Baraza lilikaa Jumatatu. Fuatino alitozwa nguruwe mmoja na maboksi ya samaki wa kopo, kama desturi ilivyo. Hilo alilitegemea. Hakutegemea lililofuata: pikapu ilikatazwa kukanyaga barabara ya kijiji mpaka itakapothibitika kwamba inakwenda ilikoelekezwa.

Hapo ndipo maisha yalipobana. Magimbi yalikuwa yamekomaa. Yakikaa zaidi ardhini yanajaa maji, na mnunuzi wa Salelologa huyapita kama hayaoni. Basi la asubuhi hukubali magunia mawili tu, tena kwa kununa. Fuatino akawa anasukuma toroli hadi kituoni, huku shamba zima likimsubiri.

Akaingia chini ya gari. Tairodi, ile ncha ya chuma inayoshika gurudumu, ilikuwa imelegea kama jino la mtoto. Dada yake aliyeko Auckland akamtumia mpya, imefukiwa ndani ya ndoo ya nyama ya chumvi ili isipotee njiani. Haikupotea. Ilifika salama, na mpaka leo ukikata kona kali mbwa wa kijiji wanageuza shingo.

Springi ya kushoto ilikuwa imechoka kuliko ya kulia. Sababu ya uchovu wake kila mtu aliijua, na hakuna aliyeitaja. Fuatino aliikunja upya kwa nyundo, akaiongezea jani moja la chuma kutoka gari bovu lililotupwa msituni, akachonga bushi kwa ndala. Akafunga kamba mbili kando ya matairi, akapima mbele na nyuma, akakaza nati.

Akalijaribu peke yake uwanjani. Likanyooka kama mstari wa daftari.

Akaliita baraza. Wazee wakaja na miavuli yao. Manuleau akasema hawezi kutoa hukumu akiwa amesimama juani, akafungua mlango, akaketi mahali pake. Fuatino akaondoa gari, na gari likaenda kushoto moja kwa moja kuyafuata maua ya mchungaji, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yamepandwa upya. Alifunga breki bampa ikiwa imeshaligusa ua la kwanza.

Manuleau alishuka bila haraka. Alilitazama lile ua, akasema baraza litampa nafasi moja tu nyingine, mwisho Jumamosi. Baada ya hapo pikapu ihamie kijiji kingine, yenyewe ikipenda bila dereva.

Fuatino hakulala vizuri. Alfajiri ilimkuta chini ya gari tena, na hapo ndipo alipogundua kosa.

"Nilipima gari tupu," anasema. "Hayo ni mambo ya mjini, mtu mmoja gari moja. Vailoto nani kawahi kuona gari tupu?"

Anaeleza kwa vidole. Kuna chuma kirefu kinachounganisha usukani na gurudumu, nacho kimelala sambamba na springi. Springi ikididimia, chuma kile kinasukumwa, na gurudumu linageuka hata kama mikono yako imetulia. Akiketi mtu mwembamba, haionekani. Akiketi Manuleau, gari linaelekea kwa mchungaji.

Kwa hiyo lilipaswa kupimwa likiwa na abiria wake. Kwanza alijaribu magunia ya magimbi, akayafunga mkanda wa kiti. Ukazuka mjadala wa chifu mmoja ni sawa na magunia mangapi. Aukuso alisema matatu. Sepela akasema matatu ni kabla ya chakula cha Jumapili. Isitoshe magunia yalilalia mlango, jambo ambalo chifu hafanyi.

Ikabidi aombwe mwenyewe, na huko Vailoto humwendei msemaji mkuu mikono mitupu kumuuliza kilo zake. Aukuso alivaa shuka yake ya kanisani, akabeba mkeka na boksi la samaki wa kopo, akazungumza kwa muda mrefu. Alianza na mababu, akapita kwenye mitumbwi na nyota, akafika kwenye umoja wa kijiji. Neno uzito hakuligusa kabisa. Alimalizia kwa kuomba heshima ya mzee ije ikae ndani ya gari, ili gari lijifunze adabu.

Manuleau alimsikiliza mpaka mwisho, akapunga usinga.

"Kwa hiyo mnataka kilo zangu," alisema.

Ndiyo maana alasiri hii ya Ijumaa yuko pale, anakoroma, na Fuatino yuko chini anazungusha tairodi robo kwa robo, anapima kamba, anazungusha tena. Jua linaposhuka kwenye minazi anakaza nati ya mwisho, anajivuta nje, anajifunga vizuri shuka yake na kugonga mlango taratibu.

"Mheshimiwa. Tumemaliza."

Manuleau anafumbua jicho moja. Hataki kusubiri Jumamosi. Anasema wajaribu sasa hivi, kesho baraza litasikia kutoka kwake. Mawe yanaondolewa, gari linaingia barabarani.

Wanayapita maua ya mchungaji. Fuatino ananyanyua vidole kwenye usukani, kidogo tu, na pikapu inaendelea kama imefungwa kwenye reli. Wanalipita kaburi la vigae. Manuleau anatoa usinga dirishani na kuwapungia watu, na watu wanainama barazani kwao, wengine wakiwa na vikombe vya kakao mkononi.

Mwisho wa uwanja Fuatino anapunguza mwendo ageuze. Chifu anamwambia aendelee, dada yake anakaa mbele kidogo na hajamwona akipita.

"Mheshimiwa, jua limeshuka. Baragumu."

"Bado. Endelea."

Hofu ya Fuatino ina sababu. Kila jioni Vailoto hupulizwa baragumu la kome, na kijiji kizima hukaa chini kusali. Atakayekutwa akitembea barabarani, kwa mguu au kwa gari, anatozwa faini. Na gari ambalo tayari lina kesi, likikutwa linatembea saa hiyo, limekwisha.

"Mimi nikikamatwa, magimbi yangu yanaozea ardhini," anamwambia.

"Uko na mimi," Manuleau anasema. "Ona lilivyonyooka!"

Baragumu linalia.

Fuatino anakanyaga breki katikati ya barabara. Kwenye nyasi wamesimama walinzi wa sala na fimbo zao, na wa mbele kabisa ni Tavai, mtoto wa dada yake Manuleau, kijana mpole ambaye mwaka mzima hajawahi kumkamata mtu mkubwa kuliko mbuzi.

Tavai anasogea, anainama, anaomba radhi. Kijiji chote kimekaa barazani kimya, macho yamefumbwa nusu.

"Mjomba," anasema. "Naomba kuuliza. Gari lilikuwa limesimama, au lilikuwa linatembea?"

Ni mlango aliomfungulia, na kila mtu ameuona. Manuleau akisema limesimama, hakuna faini, anarudi nyumbani na heshima yake. Ila gari lililosimama halijathibitisha kitu. Fuatino anatazama mbele, mikono yote miwili imeganda kwenye usukani.

Chifu anauweka usinga mapajani.

"Lilikuwa linatembea," anasema, kwa sauti ile ya barazani ambayo hufika mpaka baharini. "Na lilikuwa limenyooka."

Sala wakaisali humo humo garini. Ulipofika wimbo, Manuleau alishika besi, na Fuatino anaapa kwamba kioo cha mbele kilitetemeka lakini usukani haukutikisika.

Baraza halikuwa na la kujadili. Sheria ni sheria, na dereva alifuata amri. Jumatatu Manuleau alilipa faini yake: samaki wa kopo na nguruwe mmoja. Alipoingizwa uwanjani, nguruwe huyo alikwenda moja kwa moja miguuni kwa Fuatino na kuanza kumnusa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Ni yule yule ambaye Fuatino alimtoa kwa faini mwezi uliopita, amenenepa.

Wazee walikohoa. Manuleau alitazama mawingu. Pikapu ikaruhusiwa barabarani jioni ile ile, na kesho yake asubuhi ilikuwa Salelologa na magunia kumi na manne.

Fuatino sasa ana mipango. Kwa mavuno yajayo anataka kuagiza springi mpya mbili, safari hii bila nyama ya chumvi, na kuezeka kibanda kando ya nyumba awatengenezee watu usukani. Wateja wawili wa kijiji cha jirani wameshafika. Masharti yake ni kwamba mtu aje na gari pamoja na abiria wake wa kila siku, kwa hiyo wa pili alikuja na bibi yake, na bibi alikuja na ufumaji wake.

Tatizo limebaki moja. Daktari amemwambia Manuleau apunguze nyama ya chumvi na magimbi. Sepela ameshamwona mara mbili akila papai peke yake, bila kitu pembeni. Na tangu juzi pikapu imeanza kuvuta kulia, kidogo sana, kama mtu anayetaka kusema jambo anasita.

Ndiyo maana miguu imechomoza tena, na chifu yuko kitini tena, leo macho wazi. Fuatino anapima kamba, kisha anapima mara ya pili.

"Mheshimiwa," miguu inasema. "Umepungua."

Manuleau anajitazama tumbo, anaficha tabasamu nyuma ya usinga.

"Kiasi gani?"

Spana inalia chini, mara moja.

"Robo nati. Mungu akuzidishie afya, ila tafadhali ishia hapo mpaka nivune."